Bahasha ya Mama Esperansi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera, wala sikufundishwa kuwasha taa. Nilipewa penseli.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, binti wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, na sifa yangu ilikuwa moja tu: nilifuma vitambaa vya mezani ambavyo hata ukivigeuza huoni fundo. Mwenye studio ya picha akazisikia habari hizo, akaenda kuniomba kwa baba nikamfanyie kazi. Mji mzima ulimwita Patron. Alikuwa Mkongo wa ng'ambo ya ziwa, mtu wa kitambi na shati jeupe lililopigwa pasi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba amekasirika. Asubuhi ile alinikalisha mbele ya meza yenye kioo, mwanga ukitoka chini yake, akaniwekea kipande cha filamu cha mraba.

"Zaina," aliniambia, "muntu akikuya hapa haleti sura yenye iko nayo. Anataka ile ya siku ya arusi. Kazi yako ni kumupatia."

Nyinyi wa leo mnaopiga picha kwa simu niwaeleze kidogo. Filamu ikishaoshwa inaitwa negatifu, na humo kila kitu kimegeuzwa: nguo nyeupe ni nyeusi, uso mweusi ni mweupe, na bibi harusi akicheka utadhani ametafuna makaa. Palipo na kovu jeusi usoni, kwenye negatifu pana upenyo mweupe unaopitisha mwanga. Ukiujaza upenyo huo kwa penseli, kidoa kimoja kimoja, mwanga haupiti tena, na kwenye karatasi kovu halionekani. Kazi hiyo tuliiita rutushi. Unaifanya upande wa dawa, yaani upande usiong'aa wa filamu, ukishaupaka kwa pamba mafuta membamba yenye utomvu ili risasi ya penseli ishike. Penseli yenyewe unainoa kwa msasa mpaka iwe na ncha kama sindano ya daktari.

Wiki ya kwanza niliharibu sana. Patron alichukua lenzi, akainama juu ya kazi yangu, akapumua kwa nguvu.

"Huyu mwalimu wa watu umemufanya nini? Kwani alipata surua?"

Lakini mkono wa kufuma si mkono wa kusahau. Mwezi haukuisha, nikawa nafuta chunusi, makunyanzi na usiku wa kukesha, na wateja wanatoka wakijitazama kwa mapenzi. Nilivimba kichwa, sikatai. Hata mama yangu nilikuwa nikimtazama usoni naona pa kutia penseli.

Studio ilikuwa na desturi moja ambayo inahusu sana habari hii. Mteja alipewa picha ya karatasi, negatifu ikabaki kwetu ndani ya bahasha yenye jina lake. Akija kuchukua picha, Patron aliandika kwenye bahasha neno moja: imechukuliwa. Bila neno hilo bahasha haikuingia sandukuni. Ilikaa rafuni mbele ya macho yetu ikitusuta.

Siku chache kabla ya Pasaka alikuja mwanamke wa kijiji cha Kigwena na mtoto wa miezi kadhaa mgongoni. Jina tuliandika kama ilivyo kawaida, la mtoto: Mama Esperansi. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nzuri, na upande wa kushoto wa uso alikuwa na kovu jeusi la moto, limeshuka kutoka chini ya jicho hadi kwenye taya. Watu wa mawese huungua, hilo halikunishangaza. Nilipokuwa namtengenezea kola nilimwambia asiwe na wasiwasi, kovu litaondoka lote.

"Oya," yaani hapana, alisema kwa sauti ndogo. "Hii muiache tu."

Sasa nyinyi mnaijua heshima ya kwetu. Mgeni ukimkaribisha chakula atasema ameshiba na tumbo linanguruma, unamwekea, anakula. Ukimpa mtu zawadi husema acha tu, na maana yake ni asante. Basi mimi nikamsikia yule mama, nikasema moyoni: maskini, anaona haya kuomba. Nikakaa na lile kovu siku mbili nzima. Ndiyo kazi bora niliyopata kuifanya kwa penseli. Patron aliiwekea lenzi, akatafuta, akakosa, akanipiga begani.

Mama Esperansi aliporudi akaishika picha kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, mtoto akimvuta sikio.

"Huyu muke iko muzuri sana," akasema. "Lakini si miye."

Akairudisha mezani taratibu, akafunga vizuri kitambaa cha mtoto, akatuaga, akaondoka. Iliniuma, na niseme kweli, haikuniuma kwa ajili yake. Iliniuma kwa ajili ya kazi yangu.

"Atarudia," Patron alisema. "Akirudia, utaondosha ile penseli yako, tumupatie kovu yake."

Hakurudi. Wiki chache baadaye shida ilikuja, mauaji yakaanza, watu wa Kigwena wakavuka kwenda Tanzania, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu wakipitia mpaka wa Kabonga. Bahasha ikabaki rafuni bila neno lake.

Miaka ikapita, Patron akazeeka, akataka kurudi akalale kwao ng'ambo. Alipofunga studio alinikabidhi masanduku manne ya bati, yale ya biskuti, yamejaa bahasha. "Chunga hizi," aliniambia. "Muntu anaweza kupoteza nyumba akajenga ingine." Katika la nne aliiweka juu kabisa ile bahasha ya Mama Esperansi, maana hakujua aiweke na zipi.

Nikaenda Bujumbura, nikaajiriwa katika maabara ya picha ya ofisi moja ya serikali. Mkubwa wetu alikuwa Chef wa Laboratwari. Huyu alikuwa kinyume cha Patron: mwembamba, mpole, aliyesomea Ulaya, na alifuta miwani yake kila anapotaka kukukosoa. Ukimwona Chef anatoa leso, ujue umekosea jambo. Nilikaa naye miaka mingi gizani, tukisafisha filamu ndani ya harufu ya siki, mpaka filamu zenyewe zikaisha madukani. Ndipo siku moja akaja na sanduku kubwa la kijivu, zito kama jiwe la kusagia. Ilikuwa skana ya filamu, mashine inayopitisha mwanga katika negatifu na kuigeuza kuwa picha ya kompyuta. Ilikuwa imeshatumika kwingine miaka kadhaa. Vijana wa ofisi waliicheka.

"Machine haina macho, Mama Zaina," Chef alinifundisha. "Iko na maswali tu. Ukikosa kuijibu, itajijibu yenyewe."

Nilimwelewa siku niliyoaibika. Nilikuwa nimepewa filamu za zamani za wakubwa, nyeusi na nyeupe, nikazipitisha zote mashine ikiwa imejipangia mambo yake. Zilipotoka, nyuso za waheshimiwa zilikuwa zimetobolewatobolewa kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi. Chef akatoa leso. Akanieleza kwamba mashine ile ina taa ya pili isiyoonekana kwa macho, ya kutafutia vumbi. Filamu ya rangi inapitisha taa hiyo, vumbi linaizuia, basi mashine inajua hapa pana uchafu, inafuta. Lakini filamu nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa madini ya fedha, nayo fedha inaizuia taa hiyo kama vumbi. Mashine ikaona uso mzima wa mkubwa ni uchafu.

"Si yenyewe yenye ilikosea," Chef alisema. "Ilifikiri inasaidia."

Nililicheka neno hilo wakati ule. Kumbe lilikuwa linanisubiri.

Nilipostaafu, ofisi ilikuwa imenunua mashine mpya. Ile ya kijivu haikutakiwa tena, kwa sababu waya wake mnene wenye meno hamsini haukuingia katika kompyuta yoyote ya kisasa. Chef, naye akiwa karibu kuondoka, aliniombea kibali nikapewa pamoja na kompyuta kuukuu iliyoizoea. Nikarudi Rumonge na mizigo mitatu: skana, kompyuta na masanduku ya Patron. Watoto wa dada yangu waliniuliza pensheni gani hii isiyolika.

Mwaka jana, asubuhi moja, mwanamke wa miaka hamsini na kitu alibisha hodi. Alikuwa mwalimu, amevaa miwani, ana chaki kwenye ukosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amahoro?"

"Amahoro. Naitwa Esperansi. Nimeambiwa wewe ndiye uliyetunza picha za Patron."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio, hicho cha watu waliokulia Tanzania, hadi nikaona haya na "ao" zangu ninazosema badala ya "au". Lakini lile jina nililijua. Nikamkalisha, nikajifanya natafuta kiti changu.

"Mama yangu alipigwa picha hapa, mimi nikiwa mgongoni," akasema. "Shangazi aliyenilea ndiye aliyeniambia. Alisema mama hakuichukua picha, sababu hakuitambua. Mama alifariki kambini kabla sijajua kumwita. Uso wake sijawahi kuuona, hata kwenye karatasi."

Nilimwambia arudi Jumamosi. Sikumwambia kwamba bahasha sikuwa na haja ya kuitafuta.

Kuiandaa skana ya zamani si kuiwasha tu. Kwanza nilihakikisha meza haitikisiki, maana jirani yangu ana kinu cha kusaga mihogo na mtetemo wake unaonekana kwenye picha kama mistari ya maji. Kisha nikafungua kifuniko na kusafisha kioo cha ndani kwa pamba na maji yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa. Hewa ya ziwa huku inaweka ukungu juu ya kila kitu, na kioo chenye ukungu kinafanya nyeupe ivuje ndani ya nyeusi. Nikaunga betri ya akiba, umeme wetu mnaujua. Nikawasha skana kwanza, kompyuta baadaye. Ukianza na kompyuta, haitaitambua skana hata uisemeshe kwa upole. Taa nikaiacha nusu saa ipate moto, kwa sababu taa baridi inabadilika rangi katikati ya kazi.

Negatifu ilikuwa imejikunja na ina madoa ya kuvu pembeni. Niliilaza siku mbili ndani ya kitabu kizito, halafu nikaibana katika fremu yenye vioo, upande unaong'aa ukielekea kwenye kioo kilichokwaruzwa kwa makusudi. Usipofanya hivyo unapata duara za rangi kama mafuta juu ya maji. Taa ya kutafutia vumbi nikaizima. Kila kitufe kilichoahidi kurekebisha, kunoa au kupendezesha nikakizima pia. Nikachagua ukubwa halisi wa mashine, si ule wa kujaziajazia, nikaiagiza ipite mara nane juu ya picha hiyo hiyo ili chengachenga zijifute, na nikalenga ukali kwa mkono, kwenye jicho.

Ikatoka nzuri, jamani. Kope ungeweza kuzihesabu. Na shavu la kushoto laini kama yai.

Esperansi alipokuja Jumamosi nilimgeuzia kioo cha kompyuta nikarudi nyuma. Aliitazama muda mrefu. Namna ya kutazama niliitambua. Mwisho alivua miwani.

"Ni mzuri sana," alisema. "Asante, mama. Kwa hiyo kovu halikuwepo."

"Kovu gani?" nikauliza.

"Nilipokuwa mdogo, nikikataa kula, shangazi alikuwa ananiambia: 'Mama yako alibeba moto wako usoni.' Eti chungu cha mawese kilipinduka, mama akaniinamia mimi, mafuta yakamrukia yeye. Nimewasimulia hata wanangu." Akatabasamu, lakini si kwa furaha. "Basi shangazi alinitungia. Si neno. Watu wazima hutunga ili mtoto ale."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameridhika, au karibu ameridhika, na mimi ni mzee, nani angenihoji? Lakini niliona jinsi alivyoipoteza hadithi ile pale pale kitini, na mama mmoja akipatikana, mwingine akimtoka. Miaka yote nilidhani yule mama alikataa kazi yangu. Kumbe nilikuwa nimemfuta mtoto wake usoni.

"Shangazi yako hakutunga," nikamwambia. "Mwenye alitunga ni miye. Na penseli."

Nikamweleza yote: kola, "muiache tu", siku zangu mbili, picha iliyorudishwa mezani. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Inaweza kutoka?"

"Penseli inatoka. Tapentaini safi inayeyusha yale mafuta yenye kuishikisha. Lakini filamu imelegea kwa unyevu. Nikikosea, dawa itang'oka na uso, tubakie na huyu wa kutunga kwenye kompyuta milele."

"Huyu wa kutunga simjui, mama," alisema. "Futa."

Sikuifuta siku ile. Kwanza nilijaribu kwenye negatifu tatu za umri ule ule, picha za miti na ukuta ambazo Patron alipima nazo mwanga. Ya kwanza iliharibika, kwa sababu pamba yangu ilikuwa imelowa mno. Ya pili na ya tatu zikapona. Jumamosi iliyofuata Esperansi akaja, akakataa kukaa nje. Alisimama begani kwangu nikisikia anavyopumua. Nilizungusha pamba kwenye ncha ya kijiti, nikaichovya, nikaikamua, nikagusa shavu. Natelezesha mara moja, natupa pamba, nachukua nyingine. Baada ya pamba ya tano niliona rangi ya kijivu imehamia juu yake. Ilikuwa penseli yangu ya nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Tuliacha filamu ikauke chini ya bakuli, tukanywa chai. Kisha nikairudisha kwenye fremu. Nilipunguza mwanga kidogo, maana palipokuwa na penseli sasa pangepitisha mwanga mwingi kuliko wiki iliyopita, na ningeacha vile vile kovu lingetoka doa jeusi tupu lisilo na umbo. Taa ya vumbi nikaitazama mara mbili: imezimwa. Nikabonyeza.

Mashine ile inaonyesha picha kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, polepole. Tukaona kitambaa cha kichwa. Tukaona paji. Macho yakaja, na chini ya jicho la kushoto ngozi ikaanza kukunjamana. Kovu likashuka, likapita shavuni na mikunjo yake yote, likafika kwenye taya, likaisha pale pale nilipolikumbuka. Esperansi aliweka kiganja juu ya shavu lake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilifungua kinywa kuitikia marahaba, nikakifunga. Hakuwa anasema nami.

Nimestaafu, na kwa jumla nina furaha. Asubuhi nafungua sanduku moja la Patron, napitisha bahasha mbili au tatu, na watu wanakuja kutoka Bugarama na Nyanza-Lac kuuliza babu zao. Vijana wananiuliza mashine gani bora. Nawaambia hata hii ya kijivu inatosha ukiijibu maswali yake, na kwamba kabla ya kusafisha kitu chochote, umuulize mwenye uso, na akikujibu umsikie. Nilichelewa kulijifunza hilo, lakini nililijifunza nikiwa bado nina mikono.

Siku ile Esperansi aliondoka na picha mbili za karatasi, moja yake na moja ya wanawe. Alipofika mlangoni nikamwita arudi. Nikaitoa ile bahasha, nikanoa penseli, nikaandika mbele yake: imechukuliwa.